Kabla ya kuposti picha za wachumba, uliza kama wazee wanajua

Ukishajulikana mtaani kuwa unaweza kushika kamera, hata kama kamera yenyewe ni ya kuazima, hesabu siku tu. Kuna rafiki atakupigia simu jioni moja akuambie kwa sauti ya kubembeleza: "Msee, si uje utupige picha kidogo? Hatutaki makuu. Picha za kawaida tu." Hapo jua umeitwa kazi, na hiyo "kawaida tu" ndiyo sehemu ngumu.

Mimi nilipigiwa Oktoba mwaka jana. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi alikuwa amemvisha mpenzi wake pete wiki mbili kabla, katika mkahawa Nairobi, bila shahidi isipokuwa mhudumu aliyekuwa akisubiri kulipwa. Walitaka picha za uchumba lakini si zile za gauni la kukodi na maputo. Walitaka jinzi, raba na shamba la kahawa la susu, yaani nyanya yake, huko Kangundo. Siku ilikuwa Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo wote wawili hawakuwa kazini.

Sikuwa na kamera. Niliazima Canon ya zamani kutoka kwa jamaa tuliyekuwa naye chuoni kabla sijaacha masomo, pamoja na lenzi mbili: ile ya 18-55 ambayo huja na kamera, na ile ndogo ya milimita 50 ambayo kila anayeanza huambiwa ainunue. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilitazama video za mafunzo hadi saa nane usiku. Ninakuandikia haya kwa sababu karibu kila kosa ambalo wewe unaweza kufanya, mimi nimelifanya. Kubwa kuliko yote halikuwa la kamera kamwe, na nitalifikia.

Tuanze na jua. Video nyingi za mafunzo hutengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, na wote watakuimbia habari za saa ya dhahabu, ule mwanga laini wa kabla ya jua kutua. Kwao, hasa majira ya joto, jua hushuka kwa mshazari, linakokota miguu, na mpigapicha ana muda wa kubadilisha lenzi, kunywa maji na kutafuta sehemu nyingine. Sisi tuko karibu na ikweta. Kangundo iko nyuzi moja na kidogo tu kusini yake, na jua la huku huteremka wima kama jiwe lililotupwa kisimani. Mwishoni mwa Oktoba linatua mwendo wa saa kumi na mbili na robo jioni. Ukitoa dakika ambazo limeshajificha nyuma ya miti na vilima, unabaki na kama nusu saa ya mwanga mtamu. Mimi nilikuwa nimepanga sehemu nne tofauti za kupigia picha katika nusu saa hiyo!

Tulitoka Nairobi asubuhi. Ukipita Ruai, Kamulu, Joska na Malaa unaona tambarare kavu pande zote, mabango ya ploti na upepo wa vumbi. Kisha barabara inaanza kupanda kuelekea Tala, udongo unageuka mwekundu, na ghafla kuna migomba, miparachichi na kahawa. Tulifika kwa susu saa sita mchana, jua likiwa utosini. Na mimi, kwa papara za mgeni wa kazi, nikasema tuanze papo hapo.

Usifanye hivyo. Jua la saa sita linapiga kutoka juu moja kwa moja. Macho yanageuka mashimo meusi, pua inaangusha kivuli hadi mdomoni, na mtu mwenye sura nzuri anatoka kama amelala vibaya wiki nzima. Picha zangu 60 za kwanza zote zilikuwa hivyo. Kilichonisaidia ni mparachichi wa nyuma ya jikoni. Ukiwa na jua kali, watoe watu wako juani, uwaweke ukingoni mwa kivuli, nyuso zikitazama kule kwenye mwanga. Si katikati ya kivuli, maana huko majani yatawatia madoadoa ya mwanga usoni. Ukingoni kabisa.

Na udongo mwekundu nao una vituko vyake. Mwanga ukiupiga unarudi juu ukiwa na rangi yake, kwa hiyo kidevu na shingo vinapata wekundu usioeleweka. Susu alituona tukihangaika, akaniletea shuka jeupe kutoka kwenye kamba ya nguo. Nililitandika chini mbele yao, nje kidogo ya picha, na nyuso zikafunguka. Kifaa cha studio cha kurudisha mwanga ni pesa. Shuka la susu ni kuomba tu na kulirudisha likiwa safi, jambo ambalo sikulifanya vizuri.

Jambo la pili ni ngozi. Kamera haijui kwamba mbele yake kuna watu. Inapima mwanga wote wa picha na kujaribu kuufikisha katikati. Ukiwasimamisha watu weusi mbele ya anga angavu, kamera inaogopa anga, inapunguza mwanga, na rafiki zako wanabaki meno na macho. Hili si jambo jipya. Miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa ikisawazisha rangi za filamu kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na watu wenye ngozi nyeusi wakawa wanatoka kama vivuli. Kamera za leo ni afadhali, lakini usiziamini. Kama unatumia simu, bonyeza uso wa mtu kwenye kioo, shikilia kidogo, kisha telezesha kidole juu mpaka ngozi ionekane ilivyo. Anga ikipauka, wacha ipauke. Hakuna aliyekuita kupiga picha ya anga.

Halafu ile lenzi ya milimita 50. Uzuri wake ni kwamba inafunguka sana, hadi f/1.8, na kuyafanya mandhari ya nyuma yawe kama ukungu. Ukiwa na mtu mmoja, utajiona bingwa. Ukiwa na watu wawili, mmoja akisimama hatua nusu nyuma ya mwenzake, yule wa mbele atakuwa makini na yule wa nyuma atakuwa sehemu ya ukungu. Nina picha kumi na moja nzuri sana za sikio la rafiki yangu huku mchumba wake akiwa kama mtu anayeonekana kupitia dirisha la bafu. Kwenye kioo kidogo cha kamera zote zilionekana fiti. Nilikuja kujua nyumbani. Ukipiga watu wawili, funga lenzi kidogo, hata f/4, waambie vichwa vikaribiane, na ukuze picha kwenye kioo kila mara kukagua macho ya wote wawili kabla ya kusonga.

Sasa tuje kwa watu wenyewe, maana hapa ndipo video za mafunzo zilinitupa kabisa. "Waambie wabusiane paji la uso." Kangundo? Mchana? Susu ameketi kibarazani akichambua maharagwe, jirani anapita na mtungi wa maji, na watoto saba wamejipanga kwenye ua wakitazama kama sinema? Nilipowaambia wakumbatiane walisimama kama watu wanaosubiri picha za kitambulisho. Mikono ilikuwa imeganda. Rafiki yangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa akitabasamu kama amebanwa na kiatu.

Kilichovunja barafu ni kazi. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, na susu aliona hakuna haja ya vijana wawili wenye nguvu kusimama shambani bure. Akawapa kikapu. Mchumba wa rafiki yangu kwao ni upande wa Matungulu, amekulia kwenye kahawa, vidole vyake vilikuwa vikikimbia kwenye tawi kama vya mtu anayesuka nywele. Rafiki yangu alikuwa akichuma mbichi na mbivu pamoja. Akakemewa. Akajitetea. Wakaanza kutupiana punje, na mimi nikarudi nyuma hatua kumi, nikavuta lenzi ya 18-55 hadi mwisho, nikanyamaza. Picha zao nzuri zaidi zilitoka katika zile dakika ishirini. Wakati huo hakuna aliyekumbuka kwamba nipo.

Kwa hiyo usiwaambie watu watabasamu. Wape kitu cha kufanya, halafu ondoka njiani. Watembee kutoka mti huu hadi ule huku mmoja akimwambia mwenzake kitu ambacho hajawahi kumwambia. Wamenye muwa. Na watu wanaotembea husonga, kwa hiyo weka kasi ya kamera angalau 1/250, na usipige picha moja ukapumzika. Piga nne au tano mfululizo, maana katika kila jozi ya wapenzi kuna mmoja ambaye hufumba macho.

Tulijaribu pia kwenda kwenye kiwanda kimoja cha kahawa kilicho karibu, nilikuwa nimeota picha yao kati ya vile vitanda virefu vya kuanikia. Mlinzi alitusimamisha langoni na kutuuliza tumetumwa na nani. Nilikasirika wakati ule. Lakini hebu fikiria: kahawa huibwa, na wewe umekuja na kamera siku ya sikukuu bila barua wala simu. Alikuwa na haki. Ukitaka sehemu ya watu, tafuta mwenyewe siku mbili kabla, jitambulishe, omba. Hata shamba la jirani lina mwenyewe.

Nusu saa ya mwisho tuliipata mgongoni mwa kilima, ambapo ukitazama kaskazini unaona Kilimambogo umelala peke yake kwenye tambarare, mita 2,145 kwenda juu. Mwanga ulikuwa unatoka kushoto, mlima ukawa wa zambarau upande mmoja. Hapo ndipo nilipopiga ile picha. Mkono wa mchumba, wenye pete, umelala kifuani mwa rafiki yangu juu ya shati la jinzi, na kucha zake bado zina utomvu wa kahawa. Nyuso hazionekani. Nilijua mara moja kwamba hiyo ndiyo yenyewe.

Siku hiyo nilipiga picha 412. Nzuri zilikuwa 23.

Na sasa lile kosa. Usiku saa tatu, nikiwa nimesharudi Nairobi, nilihamishia picha kwenye kompyuta, nikaitengeneza ile ya mkono, na kwa furaha ya mtu aliyegundua kwamba kumbe anaweza, nikaiposti kwenye ukurasa wangu. Niliandika: "Kangundo imesema ndiyo." Nikawataja wote wawili kwa kurasa zao. Ndani ya saa moja watu wasionijua walikuwa wakiuliza bei yangu. Nilijiona nimefika.

Saa tano usiku rafiki yangu akapiga. Hakusema hujambo. "Toa hiyo picha. Toa sasa hivi."

Nilikuwa nimeona dalili siku nzima na sikuelewa hata moja. Susu alikuwa akimtambulisha yule dada kwa majirani kama "mgeni wetu", hakusema zaidi. Walipoanza kuchuma kahawa alimwambia, "Pete hiyo itachafuka, mama, iweke mfukoni." Mimi nikadhani ni usafi. Kumbe baba yake yule dada alikuwa hajaambiwa. Mama alijua, dada zake walijua, lakini ujumbe wa wazee kutoka upande wa mvulana ulikuwa haujaenda hata mara moja.

Kama wewe si wa Ukambani, elewa uzito wake. Kwa Akamba kuna ntheo, ile sherehe ambapo mbuzi wa upande wa mwanamume huchinjwa kwao msichana. Unaweza kuwa na pete ya dhahabu, unaweza kuishi pamoja miaka kumi na kupata watoto, lakini bila ntheo wazee watakuambia huyo bado ni binti yao. Hata mahakama za Kenya, zikiulizwa kama ndoa ya kimila ya Kikamba ilikuwapo, huuliza habari za ntheo. Pete ni mambo ya kwenu wawili. Na mimi nilikuwa nimelitangaza jambo la wawili kwa watu mia kadhaa, mmoja wao akiwa baba mdogo wa yule dada, ambaye aliipeleka picha kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp na kuuliza swali moja tu: "Huu mkono si wa mtoto wetu?" Dada zake waliutambua kwa kovu dogo la kidole gumba. Baba yake alikuwa kwenye kikundi hicho.

Niliifuta. Lakini unajua mambo ya intaneti, watu walikuwa wameshaihifadhi kwenye simu zao. Yule dada alilia usiku kucha, na aliyeniambia hivyo hakuniambia kwa upole.

Baadaye, nilipotulia, nilisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inachukulia picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fikiria wale watoto saba wa kwenye ua, ambao wako nyuma ya nusu ya picha zangu. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi ukiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mkubaliane vinginevyo. Yaani ile kauli tunayojidai nayo, "mimi ndiye nilipiga, ni yangu," ukiagizwa kazi haina mguu wa kusimamia usipokuwa na makubaliano. Mimi nilikuwa nimepewa elfu mbili ya nauli na chakula, na mfuko wa maparachichi.

Lakini usiku ule hakuna aliyenitajia sheria. Aibu ilitosha.

Rafiki yangu hangeweza kwenda kwao msichana kuomba radhi. Kwenda bila wazee kungekuwa kosa juu ya kosa. Kwa hiyo nilienda mimi, Jumamosi iliyofuata, si nyumbani bali kwa yule baba mdogo, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Tala. Nilimkuta akipima misumari. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa mimi ndiye kameramani. Alimaliza kupima, akamhudumia mteja, kisha akanivutia debe la rangi nikalie.

"Kijana," akasema, "picha ni nzuri. Usifikiri hatukuona kwamba ni nzuri. Shida ni kwamba nimeona mkono wa mtoto wetu kabla sijaona mbuzi."

Nikasema, "Nimekosa, mzee. Sikuuliza."

"Hukuuliza," akakubali. Tukakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza huyo mvulana ni wa nani, kwao ni wapi hasa, anafanya kazi gani, anakunywa kiasi gani. Nilijibu nilichokijua na nikanyamaza kwa nisichokijua. Mwisho akasema ataongea na kaka yake, lakini wazee wa upande ule wasikae sana.

Hawakukaa. Walienda Novemba. Nasikia waliulizwa habari ya picha kabla ya kupewa viti.

Tangu siku hiyo, mtu akiniita kwa picha za uchumba, ninamaliza maswali yangu kabla ya kutoa bei. Nani anajua kuhusu nyinyi, na nani hapaswi kujua bado? Kuna mtu kazini au kanisani ambaye akiona itakuwa shida? Mnataka picha ngapi, mtazipata lini, na mimi ninaweza kuonyesha zipi, kuanzia tarehe gani? Majibu ninataka yaandikwe kwenye meseji, hata kwa marafiki, hata kama kazi ni ya bure. Wengine hucheka. Dada mmoja wa Kayole hakucheka. Alinyamaza kidogo, akaniambia nisipige pete kabisa, na sikumwuliza kwa nini.

Ntheo ilifanywa Desemba. Nilialikwa, kwa sharti ambalo baba mdogo alilisema mbele ya watu wote: kamera iingie, simu yangu ikae ndani ya gari. Nilipiga picha kutwa nzima, na kabla ya mtu yeyote kuziona mtandaoni nilizichapisha kwenye karatasi, nikazipeleka kwa wazee wa pande zote mbili ndani ya bahasha. Susu alichukua nne na hakurudisha hata moja.

Baba yake bibi harusi alizipitia zote polepole, moja moja, kisha akaniuliza kama bado ninayo ile ya mkono. Anaitaka ikiwa kubwa, ya kutundikwa sebuleni. Nikaona hapo ndipo pa kujaribu bahati yangu, nikamwuliza kama sasa ninaweza kuirudisha kwenye ukurasa wangu.

Alisema atafikiria.